Sikio Dirishani

Siku gari lile lilipoletwa, mshonaji alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema alichotaka kusema. Alisimama mlangoni, gauni la mteja likimning'inia mkononi, akaangalia lori likirudi nyuma taratibu kuingia uani. Juu ya lori kulikuwa na kitu kirefu lakini cha kimo kifupi, kimejaa vumbi na kinyesi cha kuku. Mumewe alikuwa akitembea kinyumenyume nyuma ya lori huku anapunga mikono yote miwili.

"Polepole! Polepole, bwana, umebeba malkia!"

"Malkia wa kuku," alijibu dereva.

Pini zilipotoka mdomoni, hasira yake ilikuwa imeshapoa kidogo, na hasira yake ikishapoa huwa na ncha.

"Fundi," alisema, "hicho ni nini?"

Wawili hawa hawakuwa wakiitana kwa majina. Tangu siku za uchumba yeye alikuwa Mshonaji na mume alikuwa Fundi. Mwanzoni ulikuwa utani, kisha utani ukazoeleka, na mwishowe majina yenyewe yakabaki kwenye vitambulisho tu.

"Ni gari, Mshonaji."

"Gari lina paa."

"Hili halina haja ya paa. Hili ni la kukimbia."

"Basi likimbie, lirudi lilikotoka."

Lilitoka kwenye banda la marehemu mmoja ambaye watoto wake walikuwa wakisafisha nyumba ili waiuze. Gari la zamani la michezo, milango miwili, boneti ndefu, magurudumu yenye spoki nyembamba kama za baiskeli. Fundi alilijua tangu ujana. Alipokuwa anajifunza kazi, tajiri mmoja alikuwa akileta gari la namna hiyohiyo gereji, na yeye akipewa kuosha spoki moja moja kwa mswaki. Kukaa ndani hakuruhusiwa. Aliishia kunusa ngozi ya viti kupitia dirisha lililoshushwa. Halafu maisha yake yote akatengeneza magari ya kusambazia mikate na maziwa, magari yasiyo na cha kunusa. Alipostaafu, kiinua mgongo kikapita mkononi mwake kama maji, na mkewe, aliyekuwa akiota cherehani ya umeme na chumba cha kushonea chenye mwanga, akaletewa malkia wa kuku.

Alinuna. Kwa kipindi kirefu nyumba ile ilizungumza kwa vyombo: sahani iliyowekwa mezani kwa kishindo, kikombe cha chai kilichosukumwa badala ya kukabidhiwa, mkasi uliokata kitambaa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Fundi alijitia hamnazo. Alifungua injini kipande kwa kipande, akavipanga vipande kwenye makopo ya maziwa ya unga, na kwa kuwa uani hapakuwa na mahali pakavu, makopo yakahamia chini ya meza ya kushonea. Mshonaji akawa anakanyaga cherehani huku nyayo zake zikigusa bati baridi.

Kisha kikaja kikohozi.

Kilianza kama cha mtu aliyepaliwa, kikakaa kifuani mwa Fundi, kikaota mizizi. Daktari wa kifua alimwita mke pembeni, kwenye korido yenye benchi refu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mapafu yamekuwa magumu na hayatalainika tena. Amrudishe nyumbani. Asivute vumbi, asivute moshi, asikae karibu na petroli. Mengine ni kumpa raha.

Njiani Fundi aliuliza swali moja tu. "Amesema niache gari?"

"Amesema uache moshi."

"Ni kilekile," alisema, akageukia upande wa barabara.

Kitanda kikahamishiwa chumba cha mbele, chini ya dirisha linaloangalia uani, kwa sababu ndipo palipokuwa na hewa. Hapo mgonjwa akawa anaamka na kulala huku malkia wake yuko mbele ya macho, tumbo wazi, bila viti, bila injini kamili. Hakulalamika. Lakini asubuhi moja mkewe aliingia na bakuli la supu, akamkuta amefumba macho, na mkono wake wa kulia juu ya blanketi unazunguka kidogo, unaachia, unazunguka tena. Alikuwa anafunga nati ambayo haipo.

Mshonaji aliweka bakuli, akatoka nje, akafungua mlango wa gari, na kwa mara ya kwanza tangu liletwe akalitazama vizuri. Viti viwili vilikuwa vimechanika kwenye mishono. Kwenye kimoja kuku alikuwa amejitengenezea kiota. Alipitisha kidole juu ya mshono wa zamani, akauona ulivyopigwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi, na moyo wake ukalegea kidogo. Viti, alijiambia, ni nguo tu ya kitu kinachokaa.

Akavitoa, akavifumua, akavikata upya, akavishona kwa sindano nene inayoshonea mikoba. Cherehani ilikoroma kwa uchovu. Alipovirudisha garini na kuvipigapiga vikakaa mahali pake, alisikia sauti dhaifu kutoka dirishani.

"Mshonaji."

"Abee."

"Ukishamaliza hapo, unaiona ile bisibisi yenye mpini mwekundu?"

Ndivyo ilivyoanza. Yeye akawa mikono, mume akawa macho na masikio na domo, hasa domo. Alimfundisha kutofautisha spana kwa kuzishika, si kwa kuzisoma. Alimfundisha kwamba gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma, haivutwi kama plasta ya kidonda. Alipokosea alimwita "mwanafunzi", alipopatia alinyamaza, na Mshonaji akajifunza kuupenda ule ukimya.

Kwa kazi nzito alikuja Nati. Huyu alikuwa rafiki wa Fundi tangu gereji, fundi wa malori, mtu mpana ambaye mifuko yake ililia kwa nati na boliti kila alipopiga hatua, ndiyo asili ya jina lake. Yeye ndiye aliyewaita vijana wa jirani wakainua injini ikarudi mahali pake chini ya boneti. Ndiye aliyeona kwamba gari ligeuzwe, pua ielekee dirishani na mkia getini, kisha akaunga bomba refu la bati kwenye ekzosi ili moshi utokee barabarani, mbali na kifua cha mgonjwa. Ikabaki sheria moja: injini ikiwaka, dirisha lifungwe.

"Shemeji," alisema Nati akifuta mikono, "niachie kutwa moja tu. Nafunga kila kitu, wewe unarudi kwenye magauni yako."

Dirisha likajibu kabla ya shemeji. "Nati asiguse kabureta zangu! Huyo ni mtu wa malori, anasikia kwa mabega!"

"Na wewe unasikia kwa shuka," alijibu Nati.

Wakacheka wote watatu, na kicheko cha Fundi kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea mpaka Nati akaanza kuangalia viatu vyake. Mshonaji hakuangalia viatu. Aliinama chini ya boneti akatafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Kabureta, zinazochanganya hewa na petroli, zilikuwa mbili, zimekaa ubavuni mwa injini kama matiti ya mbuzi, na kufundishwa kuziweka sawa kulichukua muda kuliko mengine yote.

"Hayo ni matundu mawili ya pua moja," Fundi alieleza. "Moja likivuta hewa kuliko mwenzake, injini inachechemea. Chukua ule mpira."

Mpira ulikuwa kipande cha bomba la kumwagilia bustani, urefu wa mkono. Injini ikiwaka, ncha moja inawekwa kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Mshonaji alisikia pumzi, ndefu, nyembamba, *shhhh*, kama mtu anayebembeleza mtoto. Akahamishia ya pili. *Shhhh* nyingine, nzito kidogo. Kazi ilikuwa kugeuza skrubu, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka pumzi mbili ziwe pumzi moja. Ndipo klampu, kile kibanio kinachoziunganisha, inakazwa, na kuanzia hapo zinafunguka na kufunga pamoja.

Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Maisha yake yote alikuwa akianza kazi kwa kufunga fundo. Bila fundo uzi unachomoka na kazi yote inakuwa bure. Basi kila mara, kabla hajagusa skrubu, vidole vilikwenda vyenyewe kwenye klampu na kuikaza.

"Umefunga nini hapo?"

"Nimefunga kisicheze."

"Mwanafunzi! Kwenye nguo unafunga ndipo unashona. Huku unashona kwanza, unafunga mwisho. Ukiifunga mapema, ukigeuza hii na ile inafuata, utazunguka mpaka ng'ombe warudi."

"Kazi gani hii ya kichwa chini miguu juu."

"Ya kwako ndiyo iko kichwa chini. Ndiyo maana ulinishonea ile ovaroli."

Hapo Mshonaji alirudi kwenye skrubu, kwa kuwa ile ovaroli ilikuwa aibu yake ya siku nyingi. Ndiyo nguo ya kwanza aliyomshonea, kabla hawajaoana, akiwa bado anajifunza. Fundi aliivaa mbele yake, akageuka kushoto na kulia, akasema, "Iko sawasawa." Akaivaa kazini mpaka ikapauka. Ilipochakaa na Mshonaji alipoifumua ili afanye matambara, ndipo alipoweka futi ya kupimia na kuona kwamba mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kiganja.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza siku ile.

"Nilidhani mguu wangu ndio mrefu."

Kila jioni, jua likiwa bado lipo, injini iliwashwa na dirisha likafungwa. Fundi alisogeza mto mpaka ukagusa kioo, akaweka sikio. Mkewe, akiwa na mpira sikioni na bisibisi mkononi, hakuweza kumsikia, lakini alimwona. Alichoangalia ni kidole. Fundi alipokuwa anasikiliza injini, kidole chake cha shahada kiligonga juu ya blanketi kwa mwendo wa injini, *tu-tu-tu-tu*. Injini ikimisi, silinda moja ikikataa kulipuka, kidole nacho kilisimama hewani, kikangoja, kisha kikaendelea. Hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo. Mkewe hakumwambia, maana aliogopa angeacha.

Na kidole kiliendelea kungoja. Gari liliwaka, lilinguruma, watoto wa jirani walipanda ukutani kushangilia, lakini kila mara, katikati ya ule mngurumo, palikuwa na kijishimo. Mshonaji akafungua, akasafisha, akageuza skrubu, akafunga. Siku zikawa fupi. Wateja wakaja kudai magauni yao wakamkuta na grisi mpaka kwenye viwiko.

Binti yao aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali alipiga simu mchana mmoja.

"Mama, nasikia upepo. Uko wapi?"

"Uani. Niko na kabureta ya nyuma."

"Baba anaendeleaje?"

"Yuko dirishani, ananiangalia."

"Sasa mama, wewe uko kwenye gari, yeye yuko dirishani. Nani anakaa naye?"

Mshonaji alisema mtandao ni mbaya. Alikata simu, akaiweka juu ya betri, akabaki ameinama pale kwa muda, viganja vyote viwili kwenye ukingo wa bodi.

Kwa sababu jibu alikuwa nalo. Ndani ya chumba kile pumzi za mume wake zilikuwa na sauti. Zilipanda kwa shida, zikakwama juu, zikashuka na mluzi mwembamba. Ukikaa kwenye kiti cha kando ya kitanda huna cha kufanya ila kuzisikia, na kungoja inayofuata. Huku nje, ukiwa na mpira sikioni, pumzi iliyokuwepo ni ya kabureta, na ya kabureta ilikuwa na skrubu. Alijiambia anafanya kwa ajili yake, ili asikie gari lake likiimba kabla hajaondoka. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote.

Alasiri ya mwisho kuwasha gari ilikuwa na jua la upole. Fundi hakuwa amekula tangu jana yake. Maneno yake yalikuwa yamepungua, hata lile la kumwita mwanafunzi halikuwepo. Asubuhi mke alimfunga vifungo vya shati na kuona mifupa ya kifua chake ilivyojichora, akatoka mbio kwenda nje kana kwamba ameitwa. Leo, alijiapiza. Leo hii hii.

Alifanya haraka. Alifunga dirisha, akawasha, na injini ikashika mara moja. Aliweka mpira, akasikiliza, akageuza, akasikiliza. Mngurumo ukatulia, na kwa kitambo kidogo alidhani amefika. Kisha akakisikia. Kijishimo. Akatazama klampu na kuona bisibisi ilikuwa imeshapita hapo: alikuwa ameikaza mwanzo. Baada ya mafunzo yote yale, vidole vyake vilikuwa vimefunga fundo kwanza.

Aliinua macho dirishani.

Kidole kilikuwa kikigonga. *Tu-tu-tu-tu.* Kikasimama hewani. Kikangoja. Kikashuka.

Alisikia, basi. Masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku ile. Mshonaji alianza kumwashiria subiri, subiri, naifungua tena. Lakini Fundi alikuwa ameinua kiganja chake chote, amekibandika kwenye kioo. Alikuwa anasema kitu. Mke alikwenda, akafungua dirisha kwa upana wa uso.

"Iko sawasawa," alisema Fundi.

"Fundi, ngoja kidogo tu, mimi..."

"Iko sawasawa, Mshonaji." Akapumzika, akakusanya hewa ya maneno mengine. "Zima. Njoo ukae."

Alisimama pale, nusu nje, nusu ndani. Nyuma yake injini ilinguruma, ikaruka, ikanguruma. Alitaka kumwambia kwamba ameona kidole. Alitaka kumwambia kwamba ni klampu tu, ataimaliza chai haijapoa. Alimtazama machoni, akaona kwamba yote hayo yeye anayajua, na kwamba hakumwita kwa ajili ya gari.

Akaenda akazima. Ukimya ulioingia uani ulikuwa mkubwa hata njiwa wa paa la jirani wakasikika. Hakunawa. Aliingia na mikono yake myeusi, akapita kiti, akakaa kitandani kwenyewe.

"Nilikuwa nakungoja," alisema mume.

"Ulikuwa unaningoja wapi? Si nilikuwa hapo nje."

"Hapo nje ni mbali."

Alimshika mkono, na grisi ikabaki kwenye vidole vya mume, mahali pake pa siku zote, kwenye mikunjo na chini ya kucha, ambapo tangu alipougua pamekuwa peupe kama pa mtu wa ofisini. Fundi aliinua mkono ule karibu na pua akaunusa, akatabasamu.

"Tungekwenda wapi nalo?" mke aliuliza.

"Mbele tu. Taratibu. Watu watuone."

"Na mvua ikinyesha?"

"Utashona paa."

"Kwa kitambaa gani?"

"Hicho kitakachobaki," alisema, akafumba macho, na pumzi ikapanda, ikakwama, ikashuka na mluzi wake. Mshonaji akangoja inayofuata. Ikaja. Akangoja nyingine. Hakuondoka. Wateja walibisha geti, wakachoka. Aliondoka kwa yale yasiyokwepeka tu, chai na dawa na kubadili shuka, kisha akarudi kukaa palepale, na walizungumza kidogo, na kunyamaza sana, na haikuwa vibaya kama alivyoogopa. Alikuwa amekaa hapo, asubuhi moja ya wiki hiyohiyo, alipongoja pumzi inayofuata akangoja, akangoja.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika na binti kurudi kazini kwake, Nati alikuja peke yake. Siku hiyo mifuko yake haikulia. Alizunguka gari, akagusa viti, akasema vimeshonwa vizuri kuliko vya kiwandani.

"Niliwashe, shemeji? Betri isife."

"Liwashe."

Injini ilishika. Nati aliinamisha kichwa, na Mshonaji akamwona anavyokunja uso: mtu wa malori, anayesikia kwa mabega, na hata yeye amesikia. Alichungulia ndani, akacheka kidogo kwa huruma.

"Klampu ilifungwa mapema. Lete bisibisi, ni dakika mbili tu hii."

"Iache."

"Linamisi, shemeji."

"Najua linamisi. Hata yeye alijua."

"Sasa kwa nini..."

"Alisema iko sawasawa," Mshonaji alisema. "Iache hivyohivyo, Nati. Usizime kwanza. Nisubiri."

Aliingia ndani. Chumba cha mbele kilikuwa kimefagiliwa, godoro limegeuzwa, shuka safi limetandikwa bila mtu wa kulilalia. Alipanda kitandani na viatu vyake, akasogeza mto, akalaza sikio kwenye kioo. Kilikuwa baridi, na injini ilikuja ndani yake kwa ukaribu ambao hakuwahi kuudhania alipokuwa kule nje, ameinama juu yake. Aliweka mkono juu ya blanketi. Kidole cha shahada, chenye alama za sindano za miaka yote, kikaanza kugonga, kwanza kwa kubahatisha, kisha kikaupata mwendo.

Kijishimo kilipofika, kidole kikasimama hewani, kikangoja.